Sindano Iliyopata Macho: Historia ya Roboti katika Biopsi ya Tezi Dume

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, daktari aliyeshuku saratani ya tezi dume aliongozwa na kidole chake cha shahada. Tezi hiyo imejificha chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya puru, na haionekani kwa macho bila kisu. Mwaka 1922, Benjamin Barringer wa New York alieleza jinsi ya kupenyeza sindano ya kuchukua kinyama cha kupimwa, yaani biopsi, kwenye ngozi ya msamba huku kidole kikiwa ndani ya puru kuielekeza. Mwaka 1937, Astraldi wa Buenos Aires akaipitisha sindano kwenye ukuta wa puru wenyewe. Njia hizo mbili ndizo zinazotumika hadi leo. Lakini uvimbe usioguswa na kidole, hasa ule wa mbele ya tezi, haukufikiwa na sindano, na wagonjwa wengi waligunduliwa saratani ikiwa imekwisha kuenea mifupani.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Hiroki Watanabe na wenzake huko Sendai, Japani, walitengeneza kiti chenye kipimo cha ultrasaundi. Mgonjwa alikikalia, na picha ya tezi ikatokea. Miaka ya 1980 ilileta mashine ndogo zaidi, sindano ya kufyatuka kwa springi iliyobuniwa Sweden, na kipimo cha damu cha PSA, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1986 kwa kufuatilia wagonjwa na mwaka 1994 kwa kusaidia kugundua ugonjwa. Hata hivyo, ultrasaundi ilionyesha tezi vizuri kuliko ilivyoonyesha saratani iliyomo ndani yake. Ndiyo maana mwaka 1989 Hodge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walipendekeza vinyama 6 vichukuliwe kwa mpangilio, vitatu kila upande. Baadaye idadi hiyo ikapanda hadi 12. Ulikuwa utaratibu wa busara, lakini bado ulikuwa wa kubahatisha.

Wakati huohuo roboti ilikuwa imeingia hospitalini kwa mlango mwingine. Mwaka 1985, huko Long Beach, California, mkono wa kiwandani uitwao PUMA ulishika kielekezi cha sindano ya kuchukua kinyama cha ubongo kwa kufuata picha za CT. Fuvu hukazwa likatulia. Tezi dume haitulii. Husukumwa na sindano yenyewe, huvimba inapovuja damu, husogea puru inapojaa. Mwaka 1991, Brian Davies na wenzake wa Imperial College, London, walimtibu mgonjwa kwa Probot, roboti ya kukwangua tezi iliyovimba. Mwaka 1995, Rovetta na Sala wa Milano wakaandika juu ya biopsi zilizofanywa kwa msaada wa roboti. Mkono ukatulia, ila jicho lilikuwa bado hafifu.

Jicho lililokosekana lililetwa na MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ambayo kufikia miaka ya 2000 ilianza kuonyesha mahali hasa penye shaka. Nayo ikaja na kikwazo chake: sumaku kali isiyovumilia chuma wala mota za kawaida, na tundu jembamba ambamo mkono wa daktari haufiki. Hapa ndipo roboti ilipopata kazi ambayo kwa kweli ilikuwa yake. Huko Johns Hopkins, Baltimore, Dan Stoianovici na wenzake walitangaza mwaka 2007 mota inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, isiyotumia chuma wala umeme, wakaitumia kujenga roboti iitwayo MrBot. Nijmegen, Uholanzi, nako kulitumika kifaa cha hewa cha namna hiyo. Wengine waliziunganisha picha za MRI na za ultrasaundi nje ya sumaku. Artemis iliruhusiwa Marekani mwaka 2008, na Singapore ikatoa Mona Lisa, ambayo sindano zake zote huingia kwa matundu mawili tu ya msamba. Katika mifumo hii miwili mashine huongoza sindano. Anayesukuma sindano ni daktari.

Mwaka 2018, utafiti wa PRECISION, wenye wanaume 500, ulionyesha kuwa kutangulia na MRI na kulenga penye shaka kuligundua saratani ya hatari kwa asilimia 38 ya wanaume, dhidi ya 26 kwa utaratibu wa zamani. Ushindi huo ulikuwa wa picha. Mwaka uliofuata, utafiti wa FUTURE wa Uholanzi haukuona tofauti kubwa kati ya kulenga ndani ya MRI, kulenga kwa picha zilizounganishwa, na kulenga kwa macho ya daktari mwenyewe. Kwa maoni yangu, thamani ya roboti iko kwa daktari asiye na uzoefu mrefu.

Usugu wa bakteria kwa dawa nao umewarudisha wengi kwenye msamba wa Barringer, kwa kuwa sindano ya puru hubeba vijidudu. Mwaka 2021 Jumuiya ya Urolojia ya Ulaya iliipa njia ya msamba kipaumbele. Katika Tanzania, Kenya na Uganda, ambako saratani hii inaongoza kwa wanaume, yapo mambo yanayopaswa kutangulia roboti: mashine za MRI zinazofikika, wasomaji wa picha hizo, na wataalamu wa patholojia wa kuvipima vinyama vinapotoka.