Walioteremkia Same

Nimezaliwa Dar, jina langu la ukoo ni la Kipare, na tangu shule ya msingi nimebebeshwa vichekesho viwili: eti Mpare ni bahili, na eti atauza ng'ombe wawili ili ashinde kesi ya ng'ombe mmoja. Nilikuwa nacheka pamoja na wenzangu. Ungefanyaje?

Mwaka jana nikaenda kupanda Kindoroko, mlima ulio juu ya Usangi, Upare ya Kaskazini. Mita 2,113 si mchezo kwa mtu aliyezoea ngazi za ghorofa Kariakoo. Tuliondoka alfajiri na mzee mmoja mwenyeji aliyekubali kunionyesha njia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hivyo viatu vya mjini vitafika?"

Migomba ikaisha, msitu ukaanza, baridi na mizizi yenye utelezi. Mimi nahema, babu ananingoja mikono nyuma. Huko juu ukungu ulipopasuka, tukaona Ziwa Jipe upande mmoja na bwawa la Nyumba ya Mungu upande wa pili. Babu hakujali. Alinyoosha fimbo kusini, kwenye tambarare kavu.

"Same ni kule. Marehemu baba aliteremka kwa miguu, kwa ajili ya mbiru."

Nikaona haya. Mbiru nilikuwa nimeisoma katika kijitabu cha Profesa Isaria Kimambo cha mwaka 1971, nikajibia mtihani, nikaisahau palepale.

Basi msomaji, habari yenyewe ni hii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza ilileta Upare kodi mpya, ikaipa jina la ushuru wa kale, mbiru, ili ionekane ni mila. Badala ya wote kulipa sawa, kila mtu alikadiriwa mali yake, juu ya ile kodi ya kawaida. Kwenye karatasi ni haki tupu: mwenye nacho alipe zaidi. Lakini nani akadirie? Jirani yako, aliye upande wa mtemi. Shamba lako litaonekana kubwa siku mliyokosana.

Watu wakaandika malalamiko, hayakusikilizwa. Januari 1945, maelfu waliteremka Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi na kukaa wiki nyingi. Hawakukataa kulipa kodi, na hapa ndipo kile kichekesho cha ubahili kinaponikwama kooni. Walikataa kupimwa.

Wanawake wa Usangi nao, waume wakiwa Same, walimkabili mtawala Mzungu wakamtaka achague: amalize mambo ya kodi waume zao warudi nyumbani, au awape mimba yeye mwenyewe, wote. Nilipomuuliza babu kama ni kweli, alicheka hadi akakaa chini.

Mwaka 1946 mbiru ikafutwa.

Jioni nilishuka Mwanga, nikaunga gari hadi Same. Stendi nikamuuliza kijana muuza karanga, watu wa mbiru walipiga kambi wapi?

"Mbiru ndiyo nini, braza?"

Nikakaa juu ya begi, nikaanza kumweleza. Basi la Dar likapiga honi, konda akaita, na ile ya wanawake nikaimalizia mlangoni, mguu mmoja ndani.