Dawa Ionyeshayo Figo: Habari za Asili Yake

Leo twataka kuwasimulia habari za dawa isiyoponya ugonjwa wowote. Dawa hii hutiwa katika mshipa wa mgonjwa, huzunguka pamoja na damu, hupita figoni, kisha hutoka katika mkojo. Kazi yake ni moja tu, kumwezesha daktari kuona. Wengine huiita rangi, lakini ndani ya chupa ni safi kama maji.

Kwa nini sisi tukaao Nyakato na pande zote za Mwanza tujishughulishe na dawa ya namna hii? Sababu yake ni kichocho. Watu wa Usukuma waujua ugonjwa huu, umpatao mtoto aogapo katika lambo lenye konokono, hata akakojoa damu. Lakini damu ile si hatari yote. Mayai ya minyoo hukwama katika kuta za kibofu na za mirija ishukayo kutoka figoni. Hapo hufanya makovu, mirija huziba, na mkojo ukikosa njia huiharibu figo polepole. Huenda mtoto mwenyewe asisikie maumivu, akacheza kama wenziwe. Basi daktari atajuaje?

Eksirei ilivumbuliwa na Wilhelm Röntgen, huko Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Miali yake hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa, ndiyo maana mfupa huonekana katika picha. Figo, kibofu na mirija ni nyama tupu, wala havionekani wazi. Mwezi wa Januari 1896, watu wawili wa Vienna, Haschek na Lindenthal, walitia mchanganyiko wenye chokaa na zebaki katika mishipa ya mkono wa maiti. Picha ikaonyesha mishipa yote. Lakini nani angethubutu kumtilia mtu aliye hai kitu kama hicho?

Njia ilipatikana mwaka 1923, katika hospitali ya Mayo huko Rochester, Marekani. Wagonjwa wa kaswende walikuwa wakitibiwa kwa chumvi ya iodini, yaani ile iodini ipakwayo jerahani. Dakta Osborne na wenziwe waliona kuwa mkojo wa watu hao huonekana katika eksirei, maana iodini ni nzito na huzuia miali. Walakini chumvi ile haikufaa sana. Ilitakiwa kwa wingi ili picha ipate kuwa safi, na wingi ule ulidhuru mwili.

Hapo ndipo ilipojulikana kazi yenyewe. Ilitakiwa dawa iishike iodini yake kwa nguvu, isiiachie njiani. Tena ilitakiwa iyeyuke katika maji kabisa, kwa kuwa kitu kisichoyeyuka hakiwezi kupita salama katika damu. Na vitu viishikavyo iodini kwa nguvu mara nyingi havipendi maji.

Huko Berlin, wataalamu Binz na Räth walikuwa wametengeneza vitu vingi vyenye iodini. Kijana mmoja daktari wa Marekani, Moses Swick, alivijaribu huko Ujerumani. Kilichofaa ni kile kilichoongezewa kipande cha asidi na kugeuzwa kuwa chumvi, kikayeyuka vema. Kiliitwa Uroselectan, na habari zake zilitangazwa mwaka 1929. Kila tone lilibeba iodini kidogo tu, lakini figo zilionekana.

Wakati ule ule ilitumika dawa nyingine, jina lake Thorotrast. Picha zake zilikuwa nzuri mno, wala wagonjwa hawakulalamika. Lakini haikuyeyuka, ilikuwa vumbi laini la thoriamu lililoelea majini. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakuondoka kabisa. Alikaa katika ini na wengu maisha yote, akitoa miali yake mwenyewe, na baada ya miaka mingi watu wengi wakapatwa na saratani. Twajifunza kuwa uzuri wa picha si ushahidi wa wema wa dawa.

Katika miaka ya 1950 zilikuja dawa zenye atomu tatu za iodini katika kila molekuli, na picha zikawa wazi zaidi. Kwa picha za namna hiyo madaktari Forsyth na Macdonald waliwachunguza wanafunzi wa shule ya Usagara, kusini ya mji wa Mwanza. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1965, na mwaka 1966 ikafuata ya Donge, Unguja. Watoto waliokuwa wakihudhuria masomo walionekana kuwa na mirija iliyoharibika na figo zilizovimba. Tangu hapo ilikuwa vigumu kusema kuwa kichocho ni jambo dogo la utoto.

Hata hivyo dawa zile zilikuwa chumvi bado. Kila mvuvi wa ziwa letu ajua kuwa samaki akitiwa chumvi hutoka maji. Vivyo hivyo dawa ile, yenye ukali uliozidi ule wa damu mara tano au zaidi, ilivuta maji kutoka katika chembe za damu, na mgonjwa akasikia joto na maumivu. Dakta Torsten Almén wa Sweden aliuliza: je, haiwezi kuyeyuka pasipo kuwa chumvi? Mwaka 1969 alitangaza shauri lake: molekuli ipewe vipande vipendavyo maji, kama vile vya sukari.

Kiwanda cha Nyegaard cha Oslo kikatengeneza metrizamide. Iliyeyuka, wala haikuuma sana, lakini ilipokuwa majini haikustahimili moto wa kuulia vijidudu. Basi iliuzwa kavu, ikayeyushwa wakati wa kutumiwa. Ndipo ikafuata iohexol, iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, yenye kuyeyuka na kustahimili moto, ikakaa tayari chupani. Leo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni.

Siku hizi figo za mwenye kichocho huchunguzwa mara nyingi kwa ultrasaundi, isiyohitaji sindano, na dawa hii hutumika zaidi katika picha za CT. Ukiambiwa utachomwa, mweleze daktari kama figo zako ni dhaifu, au kama dawa ya namna hiyo iliwahi kukudhuru. Na mtoto akikojoa damu, apelekwe hospitali mapema apewe prazikwanteli. Heri kuponywa kabla ya kovu kuliko kuonyeshwa kovu katika picha.