Neno «Matumbo» katika Injili

Watu wakizaliwa na mama mmoja twasema ni ndugu wa tumbo moja. Basi tusishangae kusikia kwamba Wagiriki wa kale nao walitaja viungo vya ndani wakitaka kusema mambo ya moyoni.

Neno lao ni splanchna. Kwanza lilikuwa neno la sadaka: mnyama akiisha kuchinjwa, moyo, maini, mapafu na mafigo yalichomwa, nao waliokuwapo waliyaonja kabla ya nyama nyingine. Tena watunga mashairi wao walisema kwamba humo ndani hukaa hasira na mapenzi makali.

Waebrania walikuwa na njia yao. Neno lao la huruma, rahamim, ni la ukoo mmoja na rehem, maana yake tumbo la uzazi. Kwa Waarabu ni vivyo hivyo: rahma na rahim. Na kwa Waarabu sisi tumepata neno «rehema». Kumbe, kila tukiomba rehema twataja tumbo la mama! Kumbukeni yule mama mbele ya mfalme Solomono: aliposikia mtoto wake atakatwa vipande viwili, matumbo yake yaliwaka, akakubali kumwachia mwenzake, mradi mtoto aishi.

Wayahudi waliosema Kigiriki waliunganisha mambo hayo, na splanchna likawa neno la huruma. Katika Injili za Mateo, Marko na Luka, tendo la kuguswa matumbo latajwa mara 12. Luka analo mara 3: Yezu alipomwona mjane wa Naini, Msamaria njiani, na baba wa mwana mpotevu.

Mtakatifu Yeronimo, aliposahihisha Injili za Kilatini mnamo mwaka 384, aliacha neno viscera, yaani matumbo, katika wimbo wa Zakaria. Lakini mahali pale patatu pa Luka twasoma misericordia tu. Nasi twasema «akamhurumia». Ni sawa, lakini nguvu imepungua, kwa maana mtu aweza kuhurumia kwa mdomo, akapita.

Kuhani na Mlawi walimwona yule majeruhi kwa macho kama ya Msamaria. Msamaria peke yake ndiye aliyekatwa na tumbo. Na mtu aliyekatwa na tumbo hawezi kuendelea na safari: alifunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari 2, akaahidi kurudi.