Klabu Zilizofuata Reli: Gor Mahia, Schalke na Kombe la 1987

Chukua orodha ya mabingwa wa kwanza wa ligi ya taifa ya Kenya uiweke juu ya ramani, utaiona reli. Taji la mwaka 1963 lilibaki Nakuru kwa All-Stars. Mwaka uliofuata lilikwenda kwa Luo Union, na mwaka 1965 likateremka hadi Mombasa kwa Feisal. Abaluhya walilitwaa mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kisha mwaka 1968 likachukuliwa na klabu ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja tangu izaliwe: Gor Mahia. Mombasa, Nairobi, Nakuru na Kisumu zote ni vituo vya njia ile ile ya chuma iliyoanza kutandikwa pwani mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901. Tawi la kuelekea kaskazini lilikomea Nanyuki mwaka 1930. Kutoka hapo hadi mji wa Isiolo ni kama kilomita 80, na Leparua, nchi ya wafugaji iliyo jirani na hifadhi ya Lewa, ikabaki nje ya njia hiyo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa na sababu zake. Isiolo lilikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, eneo lililofungwa kwa sheria ya mwaka 1902 na kubanwa zaidi mwaka 1934. Mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Kizuizi cha barabarani pale Isiolo kiliendelea kuwasimamisha wasafiri miaka mingi baada ya uhuru. Wakati vijana wa Nairobi na Kisumu walipokuwa wakifunzwa mpira na wamisionari, mabwana wa reli na maofisa wa manispaa, na wakati Kenya na Uganda zilipoanza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, huku kaskazini watu walikuwa wakihesabiwa mifugo na kuulizwa pasi. Klabu kubwa haioti mahali ambapo watu hawaruhusiwi kukusanyika na kusafiri. Ndiyo maana ninaamini historia ya Gor Mahia inapaswa kusomwa hata na mtu wa Leparua asiye na asili ya ziwani. Inaonyesha klabu hujengwa kwa vitu gani, na kwa hiyo inaonyesha ni nini sehemu hii ya nchi ilinyimwa.

Gor Mahia ilijengwa na wageni wa mjini. Wajaluo waliofuata kazi za reli, bandari na manispaa waliishi mitaa ya Nairobi kama Kaloleni, Makongeni, Ziwani na Shauri Moyo, na huko waliunda vyama vya kufaana. Kilichokuwa kikubwa kuliko vyote ni Luo Union, kilichochangisha fedha za kusafirisha maiti nyumbani, kusomesha watoto na kuwapokea waliofika Nairobi bila mwenyeji. Timu ya mpira ilikuwa mkono mmoja wa chama hicho. Baadaye ikazuka timu nyingine ya jamii hiyo hiyo, Luo Stars, na mashabiki wakagawanyika. Huo ulikuwa wakati mchungu wa siasa. Jaramogi Oginga Odinga alikuwa ametoka chama cha KANU mwaka 1966 na kuanzisha kile cha KPU, huku Tom Mboya akibaki serikalini, na nyumba za watu wa ziwani zilikuwa zimepasuka katikati. Tarehe 17 Februari 1968 timu hizo mbili ziliunganishwa kuwa Gor Mahia, Mboya akiwa miongoni mwa walioliunga mkono jambo hilo. Jina lilichukuliwa kwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, aliyesifika kwa miujiza. Mashabiki mpaka leo huiita K'Ogalo.

Luo Union haikufa. Ilifufuliwa, ikachukua ubingwa wa Kenya mwaka 1975, halafu Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Wengi huisahau wanapoisimulia Gor, nami naona si haki, kwa kuwa bila mtandao wake wa matawi na michango Gor isingekuwa na mashabiki wa kurithi.

Hapa naomba tuvuke bahari kidogo, maana kuna klabu ya Ujerumani ambayo hadithi yake inafanana na hii kwa namna ya kushangaza. Schalke 04 ilianzishwa Mei 1904 na vijana wa Gelsenkirchen, mji wa machimbo ya makaa ya mawe katika bonde la Ruhr. Machimbo yale yalikuwa yamevuta maelfu ya wafanyakazi kutoka mashariki, hasa Masuria na nchi ya Wapolandi, na wenyeji waliwadharau kwa lafudhi na majina yao. Nyota wawili wakubwa wa Schalke, Ernst Kuzorra na Fritz Szepan, walitoka katika familia hizo za wahamiaji. Walijulikana kwa pasi fupi za haraka zilizomzungusha mpinzani mpaka akachoka. Mwaka 1930 chama cha mpira kiliwafungia wachezaji wa Schalke kwa kuwa walilipwa zaidi ya posho iliyoruhusiwa. Waliporudi uwanjani mwaka uliofuata, mechi ile ya kirafiki ilijaza watu wapatao 70,000.

Schalke imekuwa bingwa wa Ujerumani mara 7: 1934, 1935, 1937, 1939, 1940, 1942 na 1958. Fainali ya mwaka 1939 waliishinda Admira ya Vienna 9-0. Lakini mataji 6 kati ya hayo 7 yalipatikana chini ya utawala wa Hitler, ambao ulipenda kuitembeza klabu ya wachimba migodi kama pambo lake, wakati Wayahudi wakifukuzwa katika vilabu vya nchi nzima. Matokeo hayo hayafutiki, na mazingira yake pia yasifutwe.

Kule mgodi, huku reli. Pande zote mbili ni watu waliong'olewa kwao na kazi, wakadharauliwa mjini, wakajipatia jina siku ya mapumziko. Tofauti ilianzia kwenye fedha. Wenye mgodi wa Consolidation waliipa Schalke ardhi na kazi nyepesi kwa wachezaji. Gor ilitegemea viingilio vya getini na harambee. Schalke leo ina wanachama zaidi ya 150,000 wanaolipa ada kila mwaka. Gor ina mashabiki wengi mno, lakini wanaolipa ada ni wachache, na hapo ndipo palipokaa ugonjwa wake wa miaka mingi.

Miaka ya 1970 haukuwa ugonjwa wa kuonekana. Kulikuwa na Allan Thigo katikati ya uwanja, William "Chege" Ouma mbele, na kipa James Siang'a, ambaye baadaye akiwa kocha aliiongoza Simba ya Dar es Salaam kuwatoa mabingwa wa Afrika, Zamalek, mwaka 2003. Gor ilitwaa ligi mwaka 1974, ikaitwaa tena mwaka 1976 bila kupoteza mechi hata moja, na ya 1979 ikafuata.

Mwaka huo huo wa 1979 ndio ulioifunza. Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika na kukutana na Canon Yaoundé ya Kamerun, timu ya kipa Thomas N'Kono na kiungo Théophile Abega, watu ambao miaka 3 baadaye wangeonekana kwenye Kombe la Dunia kule Uhispania. Jijini Nairobi Gor walifungwa 2-0. Kule Yaoundé walifungwa 6-0. Mabao 8 kwa mechi mbili, na wao hawakupata hata moja la kufutia machozi. Mimi nadhani kombe la 1987 lilianzia kwenye kipigo kile. Baada yake Gor ilijipima kila mwaka dhidi ya majirani: ikachukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1980 na 1981, na tena mwaka 1985, huku AFC Leopards, wale Abaluhya wa zamani, wakiutawala katikati ya miaka hiyo. Ligi ya nyumbani ilikuja mara tatu mfululizo, 1983, 1984 na 1985. Ushindani wa klabu hizi mbili ulikuwa mkali kiasi kwamba hakuna aliyeweza kulala. Leopards wakilegea, Gor wanapita, na kinyume chake.

Mwaka 1987 ulikuja na uwanja mpya. Kasarani ilijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwezi Agosti, na humo Harambee Stars, chini ya kocha Mjerumani Reinhard Fabisch, walifika fainali na kufungwa 1-0 na Misri. Wachezaji wa Gor walikuwa wengi katika kikosi kile, kwa hiyo walipovaa tena jezi za kijani walikuwa wameshaonja jinsi fainali inavyopotea kwa bao moja. Kocha wa klabu alikuwa Mwingereza Jack Johnson. Nahodha alikuwa Austin Oduor, golini David Ochieng, nyuma John "Bobby" Ogolla, kati Abbas Khamis Magongo, mbele Peter Dawo, aliyemaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano. Kombe lenyewe, lile lile la Washindi Afrika, lilikuwa limepewa jina la Nelson Mandela, naye siku hizo bado alikuwa gerezani Afrika Kusini.

Fainali ilikuwa dhidi ya Espérance ya Tunis. Mechi ya kwanza, ugenini mwezi Novemba, iliisha 2-2. Kupata sare kwa Waarabu wa Afrika Kaskazini, kwenye uwanja wao, lilikuwa jambo ambalo klabu za ukanda wetu hazikulizoea. Kupata mabao mawili huko kulikuwa na thamani kubwa zaidi, kwa sababu ya kanuni ya bao la ugenini. Marudiano yalikuwa Jumamosi tarehe 5 Desemba, Kasarani. Sare ya 0-0 au 1-1 ingeipa Gor kombe. Sare ya 2-2 ingepeleka mambo kwingine kabisa. Espérance wakishinda kwa bao lolote, basi.

Dawo alifunga, Espérance nao wakapata lao, na hesabu ikasimama kwenye 1-1. Tazama hali ilivyokuwa: jumla 3-3, na bao moja tu la Watunisia lingegeuza kila kitu. Gor haikuwa mbele kwa mabao. Ilikuwa mbele kwa kifungu cha kanuni. Kwa timu iliyokuwa imepokea mabao 8 miaka 8 nyuma, kuushikilia uongozi mwembamba hivyo bila kupoteza kichwa ndiko kukomaa kwenyewe. Filimbi ikalia. Kombe la bara likabaki Kenya kwa mara ya kwanza.

Kwa watu wa kaskazini mechi za namna hiyo zilifika kwa redio. Runinga ilikuwa kitu cha miji, lakini Sauti ya Kenya ilisikika, na watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela walikuwa wameshakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mpira wa nchi nzima. Msamburu, Mturkana, Mborana au Msomali asiyeijua Nairobi aliweza kufuata mpira kwa masikio kutoka winga hadi kati. Serikali ya Moi ilikuwa imeagiza vilabu viache majina ya kikabila: Abaluhya wakawa AFC Leopards, Luo Union wakawa Re-Union. Kwa maoni yangu agizo lile lilibadili vibao vya majina, na redio ikafanya kazi kubwa zaidi ya kuwafanya watu wa mbali waihesabu Gor kuwa yao.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Ligi ilichukuliwa 1990, 1991, 1993 na 1995, kisha ukame wa miaka 18: ugomvi wa viongozi, mishahara isiyolipwa, vyama vya mpira vilivyogawanyika. Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwenye mkanyagano Nyayo siku ya mechi ya Gor na Leopards, na hakuna taji linalofidia hilo. Ubingwa ulirudi mwaka 2013 chini ya Bobby Williamson. Wa mwaka 2015, chini ya Frank Nuttall, ulikuja bila kupoteza mechi ya ligi. Kufikia msimu wa 2023/24 Gor ilikuwa na mataji 21 ya ligi, kuliko klabu yoyote ya Kenya. Ukoo wa nahodha wa 1987 nao ulisafiri: mpwa wake, Divock Origi, alicheza Wolfsburg ya Ujerumani msimu wa 2017/18 na kufunga katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya akiwa na Liverpool mwaka 2019.

Schalke nao walisubiri. Baada ya 1958 hawakuwa mabingwa tena, lakini Mei 1997, Milan, waliwashinda Inter kwa mikwaju ya penalti 4-1 na kulitwaa Kombe la UEFA. Migodi ya makaa ya mawe ya bonde la Ruhr ilifungwa yote kufikia mwisho wa 2018, na klabu ya wachimbaji ingali ipo.

Kwetu Kenya, Uganda na Tanzania, kombe lile halijapata mwenzake. Kenya Breweries walifika fainali ya Kombe la Washindi mwaka 1994 wakafungwa na Motema Pembe ya Kinshasa. SC Villa ya Kampala ilipoteza fainali ya mabingwa mwaka 1991, Simba ikapoteza ya Kombe la CAF mwaka 1993 na ya Kombe la Shirikisho mwaka 2025 mbele ya Berkane. Mwaka 2023 Yanga walifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, ile ile iliyoipa Gor lake mwaka 1987.