Mwandishi wa gazeti anaporudia kwao: habari za muji mudogo kwenye intaneti

Treni ya kwanza ilifika Kambove mwaka wa 1913, miaka mitatu kiisha kufika Élisabethville, yenye tunaita leo Lubumbashi. Ilikuja kubeba mukuba. Magazeti yenyewe yalibakia mu muji mukubwa. Mupaka leo mukaaji wa Kambove anaweza kusikia habari za Kinshasa mbele ya kusikia habari za shimo lenye liko nyuma ya nyumba yake. Ndiyo maana inafaa kueleza kazi ya mwandishi mwenye alikomaa kwenye gazeti, kiisha akaacha karatasi na kuanza kuandika habari za kwao kwenye simu na intaneti.

Hapa Katanga, kuandikia watu wa kazi si jambo la jana. Mwaka wa 1957 Union Minière ilianzisha Mwana Shaba, gazeti la wafanyakazi wake. Wazee wengi wanalikumbuka kwa furaha, lakini tuseme ukweli: gazeti la kampani haliwezi kuuliza kampani maswali. Mu mwaka wa 1965 André Yav, si mwandishi wa habari kwa kazi yake, aliandika mu Kiswahili historia ya Élisabethville vile maboyi na wafanyakazi waliiona. Wakati wa Mobutu, Lubumbashi ilikuwa na gazeti Mjumbe. Yote hayo yalitoka mu muji mukubwa.

Mufano wenye kujulikana sana mu Kiswahili unatoka Tanzania. Muhidin Issa Michuzi alikuwa mupiga picha wa gazeti la Daily News, Dar es Salaam. Mwezi wa tisa 2005, akiwa kwenye mukutano Helsinki, alifungua ukurasa wake kwa musaada wa Ndesanjo Macha, naye mwandishi wa makala za gazeti mwenye alianza kuandika Kiswahili kwenye intaneti mwaka wa 2004. Watu walifikiri Michuzi ataleta siasa kubwa kubwa. Yeye alileta picha za arusi, matangazo ya kilio, sura za watu wa kawaida mu barabara. Watanzania wenye kuishi Ulaya na Marekani walifungua ukurasa ule kila asubuhi, sababu pale njo waliona kwao. Gazeti la karatasi halikuwa na nafasi ya vitu vile.

Feza ni shida ingine. Marekani kampani moja, Patch, iliyoanza mwaka wa 2007 na kununuliwa na AOL mwaka wa 2009, iliweka kurasa za habari mu miji midogo karibu 900, na ikaajiri waandishi wengi wenye walitoka kwenye magazeti. Matangazo ya maduka ya muji mudogo hayakutosha kulipa mishahara. Mwanzo wa 2014 AOL ilitoa sehemu kubwa ya kampani kwa wengine, na mamia ya watu wakapoteza kazi. Kama kule duka la dawa na gereji havikuweza kulisha mwandishi, tusidanganyane juu ya Kambove. Hapa mwenye feza ya kulipa tangazo mara nyingi ni kampani ya madini yenyewe, ao mutu wa siasa. Na kuko «coupage», ile bahasha mwenye mukutano anagawia waandishi mwishoni. Wenzetu wengi wanaishi nayo, na hatuwezi kuwacheka, lakini mwenye kuipokea asubuhi ataandika namna gani magaribi?

Kwa nini basi kujisumbua? Sababu ya sheria ya madini ya mwezi wa tatu 2018. Inasema kwamba kwa kila redevance ya madini, asilimia 50 inaenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mufuko wa vizazi vijavyo, na 15 kwa komini, sekta ao chefferie kwenye shimo liko. Tena kampani inapashwa kutoa asilimia 0.3 ya feza ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kusaini nao «cahier des charges». Mwandishi wa Kinshasa anaandika sheria. Mwandishi wa hapa anaenda kuangalia kama pompe ya maji yenye iliandikwa mu ile cahier inatoa maji.

Angalia pia Shinkolobwe, mu teritware yetu. Uranium yake ilitumiwa kwa bombe la Hiroshima mu 1945. Shimo lilifungwa, lakini mwezi wa saba 2004 liliangukia wachimbaji wa mukono, wengine wakakufa. Waandishi wa mbali wanakumbuka jina lile kila mwezi wa nane, siku ya Hiroshima. Mutoto wa hapa anajua njia ya kufika, anajua nani alizikwa na nani alibakia mujane.

Kujua vile kuna bei yake. Ukiandika juu ya shefu, kesho unakutana na shemeji yake kwenye soko. Kwenye gazeti kulikuwa mukubwa wa kusoma tena makala yako na wa kukukinga. Hapa uko peke yako na simu yako. Na sheria imebadilika: tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inchi ilipata sheria mupya ya uhuru wa habari, yenye inatambua pia habari za intaneti, na siku ile ile sheria ya mambo ya digitali. Kifungu chake cha 360 kinapeleka gerezani, mwezi moja mupaka sita, mwenye kuanzisha ao kutuma mbele habari ya uongo juu ya mutu. Stanis Bujakera, wa Actualite.cd, alikamatwa tarehe 8 mwezi wa tisa 2023 juu ya makala ya Jeune Afrique yenye hakuweka jina lake, na akatoka tarehe 19 mwezi wa tatu 2024.

Basi mwandishi mwenye alikomaa analeta mazoea ya gazeti: kuuliza watu wawili mbele ya kuandika, kupigia simu mwenye kushitakiwa, kuchunga karatasi na tarehe. Na akikosea, anasahihisha ku kikundi kile kile cha WhatsApp kwenye kosa lilipita, kwa sauti pia, sababu baba na mama wengi wanasikiliza kuliko kusoma.