Ardhi Iliyoitwa Tupu

Neno "tupu" ni dogo, lakini katika historia ya ardhi limefanya kazi kubwa kuliko bunduki nyingi. Nchi ikiisha kuitwa tupu, hapana haja ya kumwomba ruhusa mwenyewe, maana mwenyewe husemwa hayuko. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Labrador, pembe ya mashariki ya Kanada, katika miaka ya 1980, ndege za vita za mataifa ya Ulaya zilipopelekwa huko kujifunza kuruka chini. Ugomvi uliozuka baina ya majeshi hayo na wenyeji waitwao Wainnu ulidhaniwa na wengi kuwa ni ugomvi wa kelele. Ulipofika mahakamani ulidhihirika kuwa ni ugomvi wa milki.

Yafaa kwanza kueleza kwa nini ndege ya vita iruke chini. Baada ya Vita Kuu ya Pili usalama wa rubani ulitafutwa juu sana, mahali ambapo mizinga haikuweza kumfikia. Mwezi wa Mei 1960 kombora la Warusi liliangusha U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyosifiwa kwa kuruka juu kupita nyingine, na imani ile ikaanguka pamoja nayo. Majemadari wakageukia upande wa pili. Mawimbi ya rada huenda kwa mstari ulionyoka. Hayapenyi kilima wala hayaufuati mviringo wa dunia. Ndege inayopita mabondeni, karibu na vilele vya miti, huonekana na adui ikiwa imekwisha kufika. Lakini kuruka hivyo kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 800 kwa saa si ufundi wa kusomwa kitabuni. Hutaka mazoezi ya kila siku, na mazoezi hutaka nchi ya kupita.

Ujerumani ya Magharibi, iliyokuwa mstari wa mbele wa umoja wa NATO, haikuwa na nchi kama hiyo. Miji yake ilikuwa imesongamana, na wakazi wake walikuwa na kura, magazeti na mawakili. Walilalamika juu ya watoto walioamka kwa mayowe na wagonjwa walioshtuka vitandani. Tarehe 8 Desemba 1988 ndege ya vita ya Marekani ilianguka juu ya nyumba za mji wa Remscheid, ikaua watu, na hasira ikazidi. Mwaka 1990 serikali ikapandisha kiwango cha chini cha kuruka hadi mita 300. Kadiri malalamiko yalivyozidi nyumbani, ndivyo thamani ya anga la ng'ambo ilivyozidi.

Anga hilo lilipatikana Goose Bay. Uwanja wake wa ndege ulijengwa mwaka 1941, wakati wa vita, Newfoundland na Labrador zikiwa bado hazijaungana na Kanada. Muungano huo ulikuja mwaka 1949. Wamarekani walipopunguza shughuli zao huko katika miaka ya 1970, mji uliokua kando ya uwanja ulikabiliwa na hofu ya kukosa kazi. Kwa hiyo wakazi wake wengi waliwapokea Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kama mvua baada ya kiangazi. Mwaka 1986 Kanada iliafikiana na Uingereza, Marekani na Ujerumani ya Magharibi juu ya mazoezi hayo, na Waholanzi nao wakaja. Marubani waliruhusiwa kushuka hadi futi 100, yaani mita 30 tu, juu ya eneo la kilomita za mraba 100,000 hivi katika Labrador na Quebec. Kufikia mwisho wa muongo huo safari zilikuwa zimepita 6,000 kwa mwaka. Tena kukawa na shauri la NATO la kujenga hapo kituo kikubwa zaidi cha mafunzo.

Katika maandishi ya waliolitetea shauri hilo, sifa kubwa ya nchi ile ilikuwa kwamba haina watu. Lakini Wainnu, wapatao 10,000 katika Labrador na Quebec, waliiita Nitassinan, maana yake "nchi yetu". Kwa karne nyingi waliishi kwa kuhama, wakimfuata atiku, mnyama wa jamii ya kulungu aliyewapa nyama, ngozi ya mavazi na mifupa ya zana. Katika miaka ya 1950 na 1960 serikali na kanisa waliwavuta wakae katika vijiji, kama vile Sheshatshiu. Hata hivyo jamaa nyingi ziliendelea kurudi porini majira ya kuchipua na ya kupukutika, zikakaa katika mahema miezi kadhaa, wazee wakiwafundisha watoto. Asiyeziona nyumba alisema hapana watu. Ukweli ni kwamba watu walikuwapo, ila hawakukaa mahali pamoja. Wala haikuwa mara ya kwanza: mapema katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya nchi yao ya kuwinda ilifunikwa na maji ya bwawa la umeme la Churchill Falls, bila ya wao kutoa idhini.

Sauti ya ndege iliyo juu humjia mtu kidogo kidogo, naye hupata nafasi ya kujiandaa. Ndege inayopita mita 30 juu ya hema haina bishara. Vilima na miti huizuia sauti yake mpaka dakika ya mwisho, kisha huja yote kwa mpigo mmoja, nayo huweza kupita desibeli 110. Wainnu walieleza jinsi watoto walivyokimbilia vichakani na jinsi wazee walivyoogopa kwenda mtoni kwa mitumbwi.

Mwezi wa Septemba 1988 walipiga mahema karibu na uwanja, kisha wakaingia na kuketi kwenye njia ya kurukia ndege, mama na watoto wao miongoni mwao. Walikamatwa, wakarudi, wakakamatwa tena, na wengine wakatiwa gerezani. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Tshaukuesh Elizabeth Penashue, mama aliyeandika habari za kila siku za mapambano hayo kwa lugha yake ya Kiinnu. Shajara hizo zilitoka kuwa kitabu mwaka 2019.

Kesi iliyokumbukwa zaidi iliamuliwa mwezi wa Aprili 1989 na hakimu James Igloliorte, ambaye mwenyewe ni wa Wainuiti, majirani wa Wainnu. Aliwaachilia washtakiwa wanne. Hoja yake haikutegemea kipimo cha kelele. Aliona kwamba watu hao waliamini kwa moyo safi, na kwa sababu za kuridhisha, kwamba ardhi iliyo chini ya uwanja ni yao, kwa kuwa hapakuwa na mkataba wowote ambao kwao wazee wao waliitoa. Mahakama ya juu baadaye iliitengua hukumu hiyo, lakini swali lilikuwa limekwisha kutamkwa barazani mwa sheria.

Haki yataka upande wa pili nao usikizwe. Wakazi wa mji wa Goose Bay walioutaka uwanja hawakuwa watu waovu, walitaka riziki. Wala haikuthibitika kwamba ndege ndizo zilizowamaliza atiku. Kundi kubwa la George River lilihesabiwa kwa malaki katika miaka ya 1980, ndege zikiruka, na likapungua vibaya sana baadaye, hata uwindaji wake katika Labrador ukapigwa marufuku mwaka 2013, miaka kadhaa baada ya ndege za Ulaya kuondoka. Anayeijenga hoja yote ya Wainnu juu ya madhara yaliyopimwa huiweka juu ya nguzo isiyo imara.

Nguzo yao imara ilikuwa nyingine. NATO iliacha shauri la kituo mwaka 1990, vita baridi ilipokuwa ikiisha. Mwaka 1995 tume ya serikali iliyochunguza mazoezi ilipendekeza yaendelee kwa masharti na uangalizi, na katikati ya miaka ya 2000 Waingereza na Wajerumani wakaondoka, kwa kuwa ufundi wa vita ulikuwa umebadilika tena. Mataifa hayo yalikwenda kwa sababu zao, kama yalivyokuja kwa sababu zao. Lakini dai la ardhi halikuondoka pamoja nayo: mwaka 2011 Wainnu wa Labrador, Kanada na jimbo walitia saini mapatano ya awali juu ya haki za ardhi. Mapatano hayo hayahusu desibeli. Mtu hakubaliani na nchi tupu. Hukubaliana na mwenyewe.