Aliyetolewa na Aliyejitolea

Mtumwa, mtume na mtumishi ni watoto wa mama mmoja. Wote watatu wamezaliwa na kitenzi kutuma, lakini kila mmoja amekulia nyumba yake. Mtumwa hutumwa na mtu asiyeweza kumkatalia. Mtume hutumwa na Mola wake. Mtumishi hutumika akimjua anayemtumikia, naye aweza kuondoka akitaka. Hali ni hiyo hiyo kwa kitenzi kutoa: anayetolewa hana kauli, ilhali anayejitolea kauli ni yake mwenyewe. Historia ya Waafrika wa mwanzo walioingia katika madaraja ya Kanisa la Anglikana kutoka kisiwani Unguja ni historia ya watu waliotembea masafa yaliyo baina ya maneno hayo, na masafa yenyewe hayakuwa mafupi.

Mwaka 1864 Askofu William Tozer alifika Unguja akifuatana na Dokta Edward Steere. Misheni yao ya Vyuo Vikuu ilikuwa imekwisha kujaribu kukaa bara, upande wa mto Shire, ikashindwa kwa vita, njaa na homa. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifia huko mwaka 1862. Tozer akaona heri aanzie kisiwani, ajenge watu kwanza, kisha watu hao waende bara. Lakini watu wenyewe aliwapata wapi? Seyyid Majid bin Said alimpa watoto watano wa kiume, waliokuwa wamekamatwa katika jahazi la watumwa. Ndivyo lilivyoanza kanisa hilo Unguja: kwa watoto watano ambao hakuna aliyewauliza kitu. Walichukuliwa makwao bila ya kuulizwa, wakapakiwa chomboni bila ya kuulizwa, na wakakabidhiwa kwa mgeni mweupe bila ya kuulizwa. Wawili kati yao walikuja kujulikana kwa majina ya John Swedi na George Farajallah, na hilo jina Farajallah maana yake ni faraja ya Mwenyezi Mungu.

Haifai basi kuisimulia habari hii kama kwamba watoto wale walisikia wito siku ile ile wakaitika. Walichokipata mwanzo ni chakula, nguo, kitanda na ubao wa kuandikia. Baadaye skuli yao ikawa Kiungani, kusini ya mji, na humo wakaletwa wenziwao waliookolewa katika majahazi mengine: Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, kila mmoja na lugha ya mama aliyempoteza. Kilichowaunganisha kilikuwa ni Kiswahili, ambacho wengi wao walijifunza ukubwani kidogo, kama mtu anayejifunza nyumba ya kambo ilivyo. Steere mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa lugha hiyo hiyo. Mwaka 1870 alichapisha kitabu chake cha sarufi na mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili, alizozipata kwa wenyeji wa mji. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa, na vijana wa misheni ndio waliojifunza kupanga herufi zake. Wapenzi wa lugha wanaomkumbuka Steere hawana budi kuikumbuka na mikono hiyo midogo iliyotiwa wino.

Njia ya kuufikia ukasisi ilikuwa na daraja zake. Kijana alianza kwa kuwafundisha wadogo zake kusoma, kuimba na kupiga kengele. Kisha akafanywa msomaji, yaani mtu asiye na daraja takatifu lakini aliyeruhusiwa kuwasomea waumini sala na Maandiko. Baada ya hapo huja ushemasi mdogo, kisha ushemasi, na mwisho ukasisi. Maneno yenyewe yanasimulia safari ya lugha yetu: shemasi na kasisi yametujia kwa njia ya Kiarabu, padri ametujia kwa Wareno, na mwalimu tulikuwa naye chuoni kabla ya misheni kutia nanga. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika kila daraja kazi ilitangulia cheo. Aliyefanywa msomaji alikuwa amekwisha kusoma, na aliyepewa ushemasi alikuwa amekwisha kuwazuru wagonjwa na kuwazika maiti. Kanisa halikumpa kazi mpya. Lilikiri tu kazi aliyokuwa akiifanya.

Mwaka 1870 Swedi na Farajallah walifanywa mashemasi wadogo. Farajallah hakuishi sana baada ya hapo. Swedi akabaki, na mwaka 1879 akapewa ushemasi kamili, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kuufikia. Baina ya miaka hiyo miwili mambo makubwa yalipita. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na mwaka huo huo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale palipokuwa na soko. Kijana aliyeletwa na jahazi la watumwa sasa aliweza kusimama katika uwanja huo na kusoma sala kwa sauti.

Lakini jiwe na chokaa havimpi mtu hiari. Hiari ilipimwa bara. Mwaka 1876 Steere, ambaye wakati huo alikuwa ndiye askofu, aliondoka pwani na kundi la watu waliokombolewa akawapeleka kusini, wakaanzisha mji wao Masasi. Katika miaka hiyo ya mwanzo John Swedi naye alitumika huko. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wamagwangwara, nyumba zikachomwa, watu wakatekwa, wengine wakatawanyika. Fikiria, msomaji, hali ya mtu aliyetekwa utotoni, akaachiwa huru, kisha akashuhudia utumwa ukimfuata mpaka mlangoni mwa kanisa. Hapo hapakuwa na sultani wa kumtoa wala askofu wa kumshika mkono. Nchi ilikuwa pana, na njia zilikuwa nyingi. Waliobaki kufundisha, waliorudi kujenga upya na kupiga kengele katika magofu, hao hawakutolewa tena na mtu. Hapo ndipo neno kujitolea lilipopata haki yake.

Aliyeufikia ukasisi mwanzo hakuwa Swedi. Alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa na misheni Unguja na baadaye Canterbury, Uingereza. Alipata ushemasi mwaka 1886, akapelekwa Chitangali, kusini ya bara, katika mji wa Nakaam, mkuu wa Kiyao ambaye alikuja kubatizwa jina la Barnaba. Mwaka 1890, wakati wa Askofu Charles Smythies, Majaliwa aliwekewa mikono ya ukasisi Unguja, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Mtoto aliyetolewa Uyaoni akiwa bidhaa alirudi kwa Wayao akiwa padri, akawahubiria kwa lugha yao, na hakuna mkalimani aliyesimama baina yake na wao. Hilo ndilo ambalo Mzungu, hata awe mwema na msomi kiasi gani, hakuweza kulifanya.

Hata hivyo, si haki kuipamba habari hii ikang'ara kuliko ilivyokuwa. Mwaka huo wa 1890 Swedi alikuwa na miaka kumi na moja ya ushemasi, na bado alikuwa shemasi. Kanisa lilikuwa jepesi la kuwatuma Waafrika mbali na zito la kuwapandisha juu. Macho ya Wazungu yaliwapima kwa mizani ambayo Wazungu wenyewe hawakupimiwa. Majaliwa aliondoka Chitangali mwaka 1897 akarudi Unguja, na miaka yake ya baadaye haikuwa na nuru ile ya mwanzo. Tena kulikuwa na wale ambao njia haikuwafungukia kabisa. Huko Mbweni wasichana waliokombolewa walisomeshwa, wengine wakawa walimu, wakafundisha vizazi na vizazi kusoma na kusali. Kwao wao ngazi ilikuwa na kipandio kimoja tu. Walianza walimu na wakamaliza walimu, na majina ya wengi wao hayakuandikwa katika vitabu. Ikiwa kujitolea ni kutoa bila ya kutazamia malipo, basi pengine wao ndio waliojitolea zaidi.

Mbegu iliyopandwa Kiungani iliota pia kwa kalamu. Yohanna Abdallah, Myao aliyesomea hapo, alikuwa kasisi huko Unangu, upande wa Ziwa Nyasa, na ndiye aliyeiandika historia ya Wayao kwa Kiyao chenyewe. Kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Skuli iliyoanza na watoto waliopoteza makwao ikatoa mtu aliyewahifadhia Wayao kumbukumbu za kwao.

Karne moja na zaidi baadaye, njia ile ilipitwa na mtu wa aina nyingine. Augustino Ramadhani, aliyezaliwa Unguja mwaka 1945, alikuwa mwanasheria, mwanajeshi aliyefikia cheo cha brigedia, na Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia mwaka 2007 hadi 2010. Muda wote huo alikuwa muumini wa kawaida aliyelitumikia kanisa lake, na ujuzi wake wa kupiga kinanda ulijulikana. Mwaka 2013, akiwa amekwisha kustaafu ujaji mkuu, akawekewa mikono akawa padri. Alifariki mwaka 2020. Watu wengine walistaajabu: mtu aliyeketi juu ya majaji wote wa nchi alitafuta nini madhabahuni? Lakini kwa anayeijua historia ya Mkunazini halikuwa jambo la ajabu. Mpiga kinanda naye alikuwa amekwisha kutumika kabla ya kupewa cheo, kama walivyotumika wale wa mwanzo.

Tofauti baina yake na Swedi ni kubwa. Mmoja alikuwa na kila kitu cha kuacha, mwengine hakuachiwa kitu. Lakini njia waliyoipita ni moja, na katika njia hiyo hakuna anayeulizwa nani alimleta. Huulizwa, siku ambayo milango yote iko wazi na hakuna anayemzuia, kwa nini bado yupo.